Kuku Aliyepigwa Plasta Katindo

Asubuhi kuku wetu alipovunjika mguu nilikuwa barazani nashona gauni la komunyo ya kwanza. Nilikuwa nimefika kwenye mikono, sehemu isiyotaka kelele. Nyumba yetu iko Katindo, upande wa juu wa kambi ya wanajeshi, kando ya njia inayoteremka kwa kasi juu ya mawe ya volkano. Anayeshuka pale na chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, hushuka akiwa ameshamkabidhi Mungu roho yake, maana breki ni kipande cha tairi na kisigino chake mwenyewe.

Nilisikia mtu akipiga kelele njiani, "Kuku! Toka! Kuku, toka!" Halafu nikasikia sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Mlango wa ua ukafunguka, akaingia mwanamume wa makamo, mweusi kwa vumbi la makala, yale makaa ya kupikia, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, amembeba kuku wetu kwa mikono miwili mbele ya kifua, namna watu wanavyobeba keki ya arusi.

"Mama, unisamehe," akasema. "Nimeumiza mutu yako."

"Si mutu, papa. Ni kuku."

"Naona ni kuku. Lakini ananiangalia."

Kweli alikuwa anamwangalia. Alikuwa ametulia kabisa mikononi mwake, jicho moja limemkazia yule mtu wa chukudu bila kupepesa, na mguu wa kushoto ukining'inia chini ya goti kama uzi uliokatika kwenye pindo.

Lazima nieleze kuku huyu alikuwa nani kwetu. Alikuja ndani ya kikapu kutoka Rutshuru, zawadi ya mtu mmoja ambaye baba yangu alimtibu zamani, na alikuja aliwe Noeli. Siku ile ile alipofunguliwa kamba alitembea moja kwa moja hadi kwenye kiti cha baba, akapanda juu ya kiatu chake, akalala. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliopita, na tangu hapo baba alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti hicho, anaamshwa kula, anaamshwa kulala. Mchana ule kuku alipolala hapo, hakusogeza mguu hadi jua likashuka. Mguu ukafa ganzi, tukamwinua watu wawili. Noeli ilipofika tulikula sombe, majani ya muhogo, na samaki, na hakuna aliyeuliza habari ya kuku. Jina baba hakumpa. Alisema jina ni la mtu aliyebatizwa. Alimwita "ule," yaani yule, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Kabla sijajibu neno, mama mkwe wangu alikuwa ameshatoka jikoni na sufuria ya maji yanayofuka moshi. Sijui aliyachemsha saa ngapi. Mama mkwe ni mwanamke wa Butembo, Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku, na katika maisha yake kuku amekuwa mnyama wa aina mbili tu, anayetaga na anayechinjwa. Alikuwa amekuja kutuona kwa wiki mbili, njia ya kurudi ikaharibika, na huo ulikuwa mwezi wake wa nane kwetu.

"Shika miguu," akaniambia. "Nitashika shingo."

Hapo ndipo baba aliposimama. Nasema aliposimama kwa sababu hakuna aliyemwinua. Alishika ukingo wa kiti, akasimama, akavuka baraza, akanyoosha mikono kwa yule mtu wa chukudu.

"Hakuna mutu anagusa mugonjwa," akasema. "Munilete banco."

Baba yangu alikuwa mtu wa plasta. Kwa miaka thelathini, kwenye hospitali kubwa hapa mjini, yeye ndiye aliyefunga mikono na miguu iliyovunjika ya watu walioanguka kwenye pikipiki, kwenye miti, kwenye ngazi, na ya waliopigwa risasi pia. Hakuwa daktari, na alipenda kusema hivyo mwenyewe, kwa sauti iliyomaanisha kwamba madaktari walikuja na kuondoka lakini plasta ilibaki yake. Alipostaafu walimpa cheti, saa ya ukutani, na kopo moja la unga wa plasta. Saa ilisimama baada ya mwezi. Kopo lilikuwa chini ya kitanda chake, halijafunguliwa.

Tukamlaza ule juu ya banco, benchi letu la barazani, kwenye kipande cha kikwembe changu cha kujifunga. Baba akavaa miwani, akashika mguu kwa vidole viwili, akafumba macho kama anasikiliza.

"Umevunjika pa moja au pa mbili," akasema. "Bila radio siwezi kujua."

Radio ni ile picha ya mifupa. Nilidhani anafanya mzaha. Mama mkwe naye alidhani hivyo, na hapo nieleze jambo lingine. Yeye na baba walikuwa hawasemeshani. Hawakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima ya wakwe: mama wa mume na baba wa mke hawaangaliani usoni ovyo, hawali sahani moja, hawaongei bila sababu. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu heshima hiyo ni kazi ya siku nzima, na kazi yenyewe ilikuwa yangu, kwa sababu kila neno lilipitia kwangu.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, amesimama mita moja kutoka kwa baba, "uambie papa yako kama kuku hapigwi radio."

"Papa, mama anasema kuku hapigwi radio."

"Nimesikia. Umuambie kama mufupa ni mufupa."

"Mama, papa anasema—"

"Nimesikia."

Akarudi jikoni na sufuria yake. Baba akaniagiza daftari na kalamu, maana mgonjwa hasafirishwi bila fishi, karatasi ya maelezo yake. Akaandika mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha ofisini. Jina: hakuna. Umri: kama miaka miwili. Kazi: alifikiri, akaandika anataga. Dini: akaacha nafasi. Mtu wa kuarifiwa: akaandika jina lake yeye.

Mtu wa chukudu alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Alikuwa ameacha magunia yake ya makala njiani na hakuonekana kuyakumbuka. Akasema kosa ni lake, usafiri utakuwa wake. Kwa hiyo alishusha magunia uani kwetu, akafuta ubao wa chukudu kwa shati lake, tukamkalisha baba juu yake na ule mapajani, amefunikwa kitenge, mguu umefungwa kwenye vijiti viwili. Mimi nilitembea pembeni nikishika bega la baba. Gauni la komunyo nililiacha kwenye mashine likiwa na mkono mmoja.

Wagonjwa wengi wa mji huu wamesafirishwa kwa chukudu, kwa hiyo watu walituheshimu. Wanaume walisogeza pikipiki zao. Karibu na lango la kambi wanawake wawili waliokuwa wanauza ndizi walisimama.

"Pole, muzee!" wakasema. "Mungu akuponye!"

"Si mimi," baba akajibu.

Wakaniangalia mimi.

"Si yeye," baba akasema.

Mlinzi mmoja mwenye bunduki alitusimamisha, akauliza tunaenda wapi na muzee. Baba akamwambia anampeleka mgonjwa kupiga radio. Mlinzi akauliza mgonjwa yuko wapi. Baba akafunua kitenge kidogo. Mlinzi akaangalia muda mrefu. Nilikuwa naogopa, miaka hii mtu hajui nini kitamkasirisha mwenye bunduki. Lakini yeye aliinama zaidi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mufupa?"

"Ni mufupa."

"Mimi pia, hapa," akasema, akagusa paja lake. "Inasumbua wakati wa baridi." Akatupisha.

Tulikwenda Himbi, kwenye kliniki ndogo ya mtu binafsi karibu na ziwa, ambako mtu wa radio alikuwa amefanya kazi na baba zamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Katika mji wenye mifupa yote hii iliyovunjika, kuleta kuku mbele ya mashine ni jambo la kufukuzwa nalo, na nilimwambia baba hivyo njiani. Alisema anajua. Alisema hatachukua nafasi ya mtu. Na kweli tuliposikia kuna mama mmoja anasubiri na mkono uliovunjika, tulikaa kwenye banco ya nje hadi akamaliza, akatoka, akapanda pikipiki, akaenda zake. Ndipo baba akaingia.

Mtu wa radio ni mwembamba, mwenye miwani minene, na hacheki kazini. Nilitegemea atacheka. Alisoma fishi yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi.

"Dini hakuna," akasema.

"Tuliacha."

"Filamu nzuri ni ya batu, muzee, unajua."

"Najua."

"Niko na moja ilishapita muda. Kwa mutu siwezi kuitumia." Akafikiri. "Kwa huyu, sijui kama kuna sheria."

Akamlaza ule juu ya meza. Akaniuliza mimi, kama sheria inavyotaka, kama mgonjwa amevaa chuma chochote. Nikasema hapana. Akaniambia nitoke nje. Baba akabaki ndani kumshika, amevaa lile joho zito la risasi la kuzuia miale, na nilipochungulia kwenye mlango niliona amesimama wima kama nilivyokuwa namwona nikiwa mtoto, ninapompelekea chakula hospitali.

Tulisubiri picha. Mtu wa radio alipotoka nayo aliiweka kwenye taa ya ukutani, akaisogelea. Mguu ulionekana, mfupa umevunjika pa mbili, hapo baba hakukosea. Lakini hakuna aliyekuwa anaangalia mguu. Katikati ya picha, chini ya mbavu, mviringo, mweupe, safi kuliko kitu chochote kwenye picha ile, lilikuwa yai.

"Muzee," mtu wa radio akasema kwa uchungu, "mugonjwa iko na mimba. Kwa nini hamukusema? Ni swali ya kwanza tunaulizaka."

"Hukuuliza," baba akasema.

"Niliona kuku, nikasahau." Alivua miwani, akaifuta. Alikuwa amejikasirikia kweli. Akaandika ripoti yake, akaeleza mivunjiko miwili, na mstari wa mwisho akaandika kwamba kuna yai moja, limekaa vizuri. Akatia muhuri.

Jioni ile, jua bado liko juu ya ziwa, baba alifungua kopo lake. Bandeji hakuwa nayo. Akaangalia nyumba nzima, akaishia kwenye gauni la komunyo, kwenye tulle nyeupe, kile kitambaa cha wavu, niliyoikata kwa ajili ya shela. Sikusema kitu. Nikampa tulle. Mteja wangu mpaka leo anajua kwamba shela fupi ndiyo mtindo.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa furaha namna ile. Alichanganya unga na maji kwenye bakuli la supu, akachovya tulle, akazungusha, akalainisha kwa kiganja, akazungusha tena. Mikono yake, ambayo asubuhi ilikuwa inamwaga chai, haikutetemeka. Tatizo ni kwamba mikono ile ilikuwa imejifunza miguu ya watu. Alipomaliza, ule alikuwa na plasta nene kama hindi la kuchoma, kuanzia juu ya goti hadi kwenye vidole, na vidole vyenyewe vimetokeza chini kama meno ya uma.

Tulimsimamisha. Akaanguka upande wa plasta. Tukamsimamisha tena. Akasimama, akafikiri, akainua mguu mzima ili atembee, akazunguka palepale kama bawaba ya mlango, mara tatu, akaketi.

"Anajifunza," baba akasema.

Kesho yake alitaga. Lilikuwa ndilo yai la kwenye picha, na likaleta shida. Mume wangu, ambaye anafuata samaki wa chumvi huko Vitshumbi na hakuwepo nyumbani, alisema kwenye simu lisiliwe, lina sumu ya mashine. Kisha akauliza, "Na kuku mwenyewe, mulishamukula?" Nikamwambia amepigwa plasta. Akasema mtandao ni mbaya, atapiga tena. Baba alisema yai ni salama, lakini yeye hali yai la mgonjwa wake. Likakaa ndani ya kikombe juu ya kabati siku mbili, watu wakiliangalia wanapopita. Siku ya tatu nilikuta kikombe kitupu na mama mkwe anaosha kikaango.

"Chakula ya Mungu haitupwake," akasema. Hakuugua.

Habari zilisambaa. Jirani wa kwanza alikuja kuazima chumvi, wa pili hakutafuta hata kisingizio. Baba akaweka saa za kutembelea mgonjwa, saa nne hadi saa sita, na nje ya hapo alifunga mlango wa ua. Watu walikuja na mahindi mkononi, kama unavyokwenda kwa mgonjwa na sukari. Mama mmoja wa kanisa la uamsho, jirani yetu wa nyuma, aliomba ruhusa ya kumwekea mikono. Baba akauliza mikono gani. Akasema mikono ya maombi. Baba akakubali, mradi asiguse plasta, haijakauka ndani. Mwalimu wa shule akaandika juu ya plasta kwa kalamu, "Upone mbiyo." Baada ya hapo kila mtu alitaka kuandika, na nafasi ikaisha.

Mtu wa chukudu alikuja kila siku akishusha makala mjini. Alikuwa hajasamehewa, alisema, na ingawa sote tulimwambia amesamehewa, alisema anayemngoja ni ule, naye hajasema. Siku ya tano alikuja na kitu kimefungwa kwenye gunia. Alikuwa amekichonga mwenyewe kwa mti wa mkalitusi: chukudu. Chukudu kamili, urefu wa mkono wangu, ina usukani, ina magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa kandambili, na katikati, mahali pa mzigo, kuna mfuko wa kitambaa wenye tundu moja. Mguu mzima ungepita kwenye tundu kusukuma. Mguu wa plasta ungelala juu ya ubao.

"Ni namna sisi pia tunasukuma," akaeleza. "Muguu moja juu, muguu moja chini."

Tukamwingiza ule ndani. Wakati huo uani tulikuwa watu kama kumi na wawili na hakuna aliyecheka, nasema kweli, kwa sababu mtu wa chukudu alikuwa amepiga goti moja, ameshika usukani, na midomo yake ilikuwa inasogea kama anaomba. Ule alikanyaga chini. Gurudumu likazunguka. Akakanyaga tena. Ua wetu una mteremko kidogo kuelekea shimo la maji, na hilo hatukulifikiria. Akashuka ua mzima, shingo imenyooka, kasi inaongezeka, akapita kati ya miguu ya mwalimu, akaangusha beseni la nguo, akaingia kwenye majani ya maboga na kutulia. Tulipomfikia alikuwa anakula mdudu.

Mtu wa chukudu akaketi chini, akalia.

Ningependa kuishia hapo. Siku kama ya tisa, saa za asubuhi, nilikuwa napiga pasi, baba yuko kwenye kiti, ule amelala karibu na kiatu chake. Mama mkwe alikuwa anapita na ungo. Alikuwa na desturi, ambayo alidhani hatuijui, ya kumdondoshea ule mchele uliovunjika huku akiangalia upande mwingine. Aliinama kudondosha, na mkono wake ukagusa vidole vilivyotokeza chini ya plasta. Akavigusa tena. Akaweka ungo chini. Kisha akageuka, akamwangalia baba usoni, na bila kupitia kwangu akasema:

"Papa mukwe, vidole vyake iko baridi."

Nilishika pasi hewani. Baba alimwangalia kama mtu aliyeitwa na ukuta. Halafu neno lenyewe likamfikia. Akainama, akashika vidole, na niliona uso wake ukibadilika.

Alikata plasta kwa mkasi wangu wa kushonea, polepole, akipitia maandishi ya watu. Chini yake mguu ulikuwa mweusi, mkavu, kuanzia pale ulipovunjika hadi kwenye kucha. Ule hakulia. Alikuwa anaangalia mchele kwenye ungo.

"Miaka yote," baba akasema. "Kila mutu niliyemufunga nilimuambia, vidole ikiwa baridi, urudi siku ile ile, usingoje. Niliwaambia hata bazungu. Na huyu yuko hapa kwenye kiatu yangu."

Akaingia chumbani kwake. Siku tatu hakutoka ila kwa haja. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Mtu wa radio alikuja kutoka Himbi, akasimama mlangoni kwake, akasema kwamba mguu wa kuku ni mwembamba, kwamba hata kwa plasta nyepesi damu ingeweza kukosa njia, kwamba mvunjiko wa pa mbili ni mbaya. Baba akajibu kutoka ndani kwamba mivunjiko ya pa mbili amefunga mia, na mtu wa radio akarudi zake.

Aliyebaki na mgonjwa ni mama mkwe. Hakuna aliyemwomba. Alihamisha kikapu cha ule kutoka barazani hadi jikoni, karibu na mbabula, jiko la makaa. Asubuhi na jioni aliosha mguu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akisema "ngoja, ngoja" kwa Kinande, lugha ya kwao, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiwatolea wajukuu. Sufuria ni ile ile. Nilimuuliza kama bado anafikiri achinjwe.

"Kuku ya muguu moja inachinjwa namna gani," akasema. "Nitashika wapi?"

Mguu ulidondoka wenyewe mchana wa siku ya nne, katikati ya rozari, kwenye fumbo la tatu la uchungu. Mama mkwe alimaliza fumbo. Halafu akauweka kwenye kisahani, akaufunika kwa kitambaa, akaupeleka kwenye mlango wa baba.

"Papa mukwe," akasema. "Umeanguka vizuri. Hakuna damu. Palipofungwa ni safi."

Kisha kitanda kikalia. Baba akafungua mlango, akafunua kitambaa, akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu mahali mguu ulipoachana na mwili, kisha akaenda jikoni kumwangalia ule, kisha akarudi kwenye kisahani.

"Mulitumia nini?"

"Maji na chumvi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Hata ba chirurgien," baba akasema, maana yake madaktari wa upasuaji, "hawatoangi safi namna hii." Na mama mkwe, mwanamke wa rozari tatu, akaangalia chini kama msichana.

Sasa kukawa na swali la mguu wenyewe. Mimi ningeutupa. Baba alisema viungo vya wagonjwa havitupwi, hospitalini vilizikwa, kulikuwa na mahali pake. Mama mkwe akasema kuku hana roho na hawezi kuombewa. Baba akasema hakuna aliyeomba maombi, ameomba shimo. Wakabishana hivyo nusu saa, wao wawili, uso kwa uso, na mimi nikiwa nimesimama katikati bila kazi.

Tuliuzika chini ya maracuja, mmea wa pasheni, nyuma ya nyumba. Ardhi yetu ni jiwe, shimo la kina cha kiganja lilimchukua mtu wa chukudu asubuhi nzima na sururu. Alikuwa amevaa koti. Sijui nani alimwambia avae koti. Mtu wa radio aliomba udhuru kwa simu, ana wagonjwa. Baba akaweka mguu chini. Tukasimama. Mama mkwe akaangalia kulia na kushoto, akapiga ishara ya msalaba haraka.

"Si kwa kuku," akaniambia baadaye. "Ni kwa sababu nilikuwa nimesimama kaburini. Mukono ilienda yenyewe."

Ule alizoea. Akasimama kwenye mguu mmoja kama taa ya barabarani, akaruka badala ya kutembea, na akachagua wapi pa kwenda kwa makini zaidi kuliko zamani. Chukudu yake alikataa kuipanda tena, tukawa tunaiwekea vitunguu jikoni. Mtu wa chukudu aliendelea kuja. Siku moja ule aliruka hadi alipokaa, akamdonoa kwenye kifundo cha mguu, kwa nguvu, hadi damu ikatoka. Yule mtu akatuangalia sote kwa zamu, uso umeng'aa.

"Imekwisha," akasema. "Sasa imekwisha."

Msimu wa mvua ulipoanza ule alilalia mayai saba ndani ya kikapu changu cha vipande vya nguo. Jogoo wa jirani ana tabia ya kuruka ukuta, na inaonekana mguu mmoja wa ule haukumzuia kitu. Walitoka vifaranga watano. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulifikiria hata mmoja. Kuku anawalisha watoto wake kwa kuparua chini. Anasimama kwenye mguu mmoja, anaparua kwa mwingine, anarudi nyuma, anawaita. Ule aliwaita vizuri, aliwapeleka mahali pazuri, penye udongo laini chini ya maboga. Kisha alisimama, akainua kile kipande kilichobaki, akakitikisa hewani. Kikaparua hewa. Watoto watano wakaangalia chini, hakuna kitu. Akakitikisa tena.

Baba aliangalia haya kwenye kiti chake kwa asubuhi mbili. Asubuhi ya tatu nilimkuta amesimama kwenye maboga, suruali imekunjwa hadi goti, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Ule anaita. Baba anaparua kwa kisigino, mara mbili, anarudi nyuma hatua moja. Watoto wanakimbia. Ule anaita mbele kidogo, baba anafuata.

"Pale hamuna kitu," mama mkwe alikuwa anamwambia kutoka mlango wa jikoni, kisu cha sombe mkononi. "Pale nilimwaga majivu. Uende kulia, papa mukwe. Kulia. Si huko, huko ni kushoto."

Akaweka kisu chini, akavua kandambili zake, akafunga kikwembe vizuri kiunoni, akaingia kwenye maboga kumwonyesha.